Jina Lililoitwa Kwenye Sinema ya Baltazar

Mdogo wangu Baltazar ana ubishi wa kuzaliwa nao. Tulipokuwa wadogo kule Gitting, baba akimwambia gogo hili la mkaratusi halipasuki, liache, yeye alishinda nalo mpaka jua linazama, viganja vimejaa malengelenge na chakula amekataa. Mama alikuwa akisema ubishi wa huyu mtoto utamfikisha pabaya siku moja. Ukamfikisha kweli, na mimi dada yake nilikuwepo, nimekaa kiti cha mbele na gauni langu jipya.

Mimi ni Lucia, fundi cherehani hapa Katesh. Baltazar ni mpiga video. Ukifunga ndoa, ukibatiza, ukizika, wilaya nzima ya Hanang wanamjua: ndiye yule mwanamume mwembamba mwenye koti la mifuko mingi, anayewaambia maharusi warudi nje waingie tena kanisani kwa sababu mwanga haukukaa vizuri. Padri mmoja aliwahi kumfukuza mbele ya altare. Akatoka, akazunguka, akaingia kwa mlango wa kwaya na kamera yake begani.

Mwishoni mwa mwaka 2019 akaniambia amechoka na harusi, anataka kutengeneza sinema. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Yeye hakucheka. Akaniletea hadithi yenyewe, anaiita Mwenye Zizi. Inamhusu mzee mmoja mfugaji wa Kibarbaig, mbahili, mkorofi, anayejifungia ndani kila wageni wakija ili asiwakaribishe, na mke wa mwanawe anayemzidi akili. Mzee wa kwenye sinema aliigizwa na Mwalimu Wolfgang, mstaafu, Mwiraqw kama sisi, mtu wa vichekesho hata msibani. Mke wa mwana aliigizwa na Imakulata, binti wa jirani yetu Severine wa Gitting. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne, binti mchangamfu, hana woga mbele ya kamera, na kila mtu pale alimpenda.

Zizi la kupigia picha walilipata kwa wafugaji wa tambarare, chini ya Mogitu. Mwenye boma alikuwa mzee wa Kibarbaig, mtu wa heshima zake, na jina lake mimi silitaji hapa. Msiniulize kwa nini, mtaona wenyewe. Nitamwita Mzee tu. Mzee aliwapa zizi lake na ng'ombe wake wote, akachukua kigoda, akakaa kutazama. Na Baltazar kwa akili zake akaona, mbona nihangaike kutunga jina, yule mzee mbahili wa kwenye sinema nimpe jina la huyu huyu mwenye zizi, liwe jina la kweli la Kibarbaig. Akamwomba. Mzee akacheka, akasema chukua, kwani jina linaisha?

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Kwenye sinema kuna mahali mke wa mwana anachoka na vituko vya mzee. Anasimama kwenye lango la zizi, ng'ombe wamejaa nyuma yake, anamwita baba mkwe wake kwa jina, kwa sauti ya juu, anarudia na kurudia: "Fulani! Toka nje! Wageni wako wamefika!" Sisi watu wa Gitting tuliona ni kichekesho. Utovu wa adabu, sawa, lakini kichekesho. Hatukujua, au tulijua tukapuuza, kwamba kwa Wabarbaig mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake mpaka anaingia kaburini. Hata neno la kawaida likifanana na jina hilo analikwepa, ana neno jingine la kusema badala yake. Mzee alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Lakini aliyekuwa akipiga kelele pale langoni alikuwa binti wa watu, mgeni, hamhusu. Alikaa kwenye kigoda chake akisikia jina lake likiitwa kutwa nzima, maana Baltazar alimrudisha yule binti mpaka sauti ikaanza kukwaruza, na Mzee akawa anatikisa kichwa na kucheka.

Na kama sinema ingeonyeshwa wakati wake, mambo yangeishia hapo. Ilikuwa ionyeshwe Pasaka ya 2020, hapa Katesh. Matangazo yalishabandikwa stendi. Mwezi Machi ikaja corona, shule zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa, mwenye ukumbi akapiga kufuli. Pasaka ikapita, watu wananawa mikono kwenye ndoo kila mlango, na matangazo ya Baltazar yananyeshewa mvua stendi. Mikusanyiko iliporuhusiwa tena, mwenye ukumbi alikuwa ameshaugeuza ghala la alizeti.

Vijana wakamwambia, Balta, iweke Yutubu, watu wataangalia kwenye simu. Loo! Alikasirika kama katukaniwa mama. "Nimepiga zizi zima la ng'ombe, mtu aje awaangalie kwenye kitu kama kiganja? Hii ni ya ukutani. Watu wakae pamoja, wacheke pamoja." Akaitunza. Hata lile tope la Mlima Hanang liliposhuka Jorodom, mtaa wake hapa Katesh, Desemba ya 2023, na nyumba yake ikajaa mpaka madirishani, mtu yule alitoka amebeba mtoto mkono mmoja na diski yenye sinema mkono wa pili. Godoro, vyombo, nguo za mkewe Getruda, vyote vilikwenda. Siku ile si wote waliotoka, kwa hiyo sitaki kuizungumzia sana.

Lakini yeye alipokuwa anatunza sinema yake, watu walikuwa wanaendelea kuishi. Siku zile za kupiga picha, Marko, mtoto wa Mzee, kijana aliyesoma kidogo na kubatizwa, ndiye alikuwa akiwashika ng'ombe wasisogee. Ng'ombe walisogea sana, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa Imakulata. Baadaye akapanda Gitting kuposa. Severine aligoma, akasema binti yangu hawezi kukaa na mifugo porini. Binti akasema nitakaa. Wazee wakaenda na kurudi, mwisho Severine akalainika, ndoa ikafungwa. Imakulata akaingia kama mke kwenye boma lile lile alilokuwa ameingia kama mchezaji sinema.

Na alikaa, tena alikaa vizuri. Alijifunza lugha yao. Alijifunza kuinamisha macho mbele ya Mzee, na kulizunguka lile jina huku na huku, mpaka mama mkwe wake akawa anamsifu mnadani kwamba huyu Mwiraqw ana adabu kuliko mabinti wa kwetu. Akazaa mtoto wa kike. Nilipomshonea nguo za kujifungulia nilimuona amenawiri, nikafurahi.

Basi mwaka jana ndipo walipokuja watu wa filamu kutoka Arusha. Walikuwa wanatafuta sinema zilizokwama wakati wa corona, zile ambazo hazikuwahi kuona ukumbi, wazionyeshe kwanza kule zilikotengenezwa, halafu wazipeleke kwenye jumba kubwa la sinema Arusha. Mtu mmoja aliwatajia Baltazar. Mdogo wangu alikuja kwangu anakimbia, mtu mzima yule, akasimama mlangoni hawezi kusema. Nilidhani kuna msiba. Aliponiambia, nikamkumbatia. Jamani, miaka yote ile!

Ukumbi ukasafishwa, alizeti ikatolewa. Gari lenye spika likaanza kuzunguka mpaka Gitting, mpaka Mogitu, kutangaza kwamba waigizaji wote waje na familia zao, na mwenye zizi atakaa mbele na watu wa nyumbani kwake.

Siku chache baadaye Imakulata alikuja. Mimi na Baltazar tulikuwa kwenye kibanda changu, anajaribu koti nililomshonea. Aliingia taratibu, mtoto mgongoni.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nyota yetu hiyo!" Baltazar akapiga makofi.

Hakutabasamu. Alikaa kwenye benchi, akawa anavuta uzi wa kanga yake. "Baba mdogo, nimekuja kuomba kitu. Ile sehemu ya langoni. Naomba uitoe."

"Ipi? Unapompiga kuku?"

"Hapana. Ile ya langoni. Pale ambapo mimi… pale ninapoita."

"Unapomwita nani?"

Machozi yakaanza kumlengalenga, na Baltazar bado anamkazia macho, mdomo wazi. Nikamwambia, "We Baltazar, una nini? Anamwita nani pale? Mwenye zizi ni nani kwake leo?" Ndipo kikamwingia. Akaketi.

"Akina mama wote wa ukoo watakuwepo," Imakulata akasema. "Mama mkwe wangu atakaa pembeni yangu. Nimemwambia Marko tusiende, anasema Mzee amekataa kukosa. Anataka kuwaona ng'ombe wake. Wale waliokufa na ukame, wako humo wote. Amenunua na shuka mpya. Baba mdogo, wakisikia sauti yangu inalitaja, sitakuwa na mahali pa kukaa pale. Hawatakula nilichopika. Watanirudisha kwa baba."

"Haitasikika," Baltazar akasema. "Nakuapia mbele ya dada. Nenda nyumbani, lala usingizi."

Alishukuru mpaka akapiga goti. Mimi nikamsindikiza njiani, nikamwambia asiwe na wasiwasi, huyu nitamsimamia mwenyewe. Ndivyo nilivyosema, na niliamini.

Siku ikafika, Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Watu wa Gitting walikuja kwa malori. Mwalimu Wolfgang alivaa suti. Wabarbaig wa Mogitu walikuja na fimbo zao, akina mama na mapambo yao ya shaba, wakapewa safu ya mbele upande wa kulia. Mzee alikaa katikati na shuka yake mpya. Imakulata alikaa kando ya mama mkwe wake, na aliponiona akanipungia mkono kidogo. Nikampungia na mimi. Nilikuwa na raha, kwa nini niseme uongo?

Sinema ikaanza. Mungu wangu, ilikuwa nzuri. Mlima wetu ukutani, mkubwa, kabla haujatutenda. Watu wakapiga mayowe walipojiona. Waigizaji walikuwa wanazijua sentensi zote, wanazisema kabla hazijasemwa. Kisha likatokea zizi. Mzee akainuka kitini. Akanyoosha fimbo, akaanza kuwataja ng'ombe wake kwa lugha yao, mmoja mmoja, huyu, yule, yule mwenye doa, na wazee wenzake wakawa wanaitikia. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nami nikalia.

Halafu kamera ikasogea, nikamuona Imakulata wa miaka ile amesimama langoni, mikono kiunoni. Nikageuka kumtafuta Baltazar nyuma kwenye mashine. Alinionyesha dole gumba.

Hakuwa ameitoa ile sehemu, mjinga yule. Alikuwa ameizima sauti tu. Mdomo wa Imakulata ukafunguka ukutani, mkubwa kama mlango, na ukumbi mzima ukawa kimya. Hakuna hata ng'ombe aliyelia.

"Sauti!" mtu akapiga kelele dirishani. "Sauti imekatika! Fundi, sauti!"

Kama ingekuwa imekatwa, nani angejua? Na kama angeiacha na sauti yake, ingepita haraka kama mambo mengine. Lakini kile kimya kiliwaamsha watu wote. Na Mwalimu Wolfgang, mtu mwema asiyejua lolote, akaona mkwe wake wa sinema ameharibikiwa na spika, akaamua amsaidie. Akasimama na suti yake, akabana sauti ya kike, akalitaja lile jina kwa nguvu zake zote: "Fulani! Toka nje!" Waigizaji wakaangua kicheko. Safari ya pili wakaita naye wote. Safari ya tatu ukumbi mzima uliita, watu wa madirishani, watu wa malori, wanagonga viti, na wanamgeukia Imakulata wanamnyooshea vidole kwa mapenzi, ndiyo wewe, ndiyo wewe, semaaa!

Imakulata alijifunika kanga kichwa kizima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe wake alinyanyuka polepole, akamshika mkono mjukuu, na akina mama wote wa Kibarbaig wakanyanyuka, shaba zinalia. Mzee alikuwa bado amesimama na fimbo amewaelekezea ng'ombe. Aliishusha. Akapita katikati ya viti, hakumtazama mtu, akatoka nje, na watu wakampigia makofi, wakidhani amefanya makusudi kuitikia. Walimpigia makofi mpaka mlangoni.

Nilimfuata Baltazar kwenye mashine. Sikujali watu wa Arusha. "Ulimwapia mtoto wa watu. Uliapa mbele yangu!"

"Dada, ningeikata, ng'ombe wa Mzee wangeondoka nao. Ng'ombe wote wako kwenye sehemu ile tu. Nilisema haitasikika. Mimi nimeizima…"

"Na mwanga ulikuwa mzuri, siyo?"

Namjua tangu tumboni mwa mama. Ile ndiyo sehemu aliyokuwa akiipenda kuliko zote, na asingeikata hata ungemwekea panga shingoni. Uso ulimshuka, akaanza kukunja nyaya zisizohitaji kukunjwa. Watu wa Arusha wanampongeza, wanamshika mkono, na yeye anaitikia asante, asante, jasho linamtiririka.

Kesho yake Marko akanipigia simu. Hakumsalimia mtu. Alisema mke wake analala nyumba ya peke yake na mtoto amechukuliwa na bibi. Hapiki. Akichota maji, hakuna anayeyanywa. Akasema, "Shangazi, mwambie baba mdogo akina mama wanamwita. Aje na mwanamke wa kwao."

Baltazar alitaka kwenda kwa Mzee kwanza, wayamalize kiume. Marko akamjibu kwamba Mzee amesema kwake hakuna kesi, kesi iko kwa akina mama, na mwanamume hawezi kuigusa. Ndivyo ilivyo kwa Wabarbaig. Mwanamume akimkosea mke wa boma, wanawake hukusanyika wenyewe, wakamhukumu wenyewe, na hata mzee mwenye ng'ombe elfu hana la kusema hapo.

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Njia nzima nilikuwa na maneno ya kumwambia, lakini nilipomtazama kule mbele yangu amejikunja na lile koti langu, yakaniisha.

Akina mama walikuwa wamekaa kwenye majani nje ya boma, wengi, wazee kwa vijana, na sketi zao za ngozi. Imakulata alikuwa peke yake pembeni, amejifunika, ameinama. Sikuweza kumsalimia. Baltazar akaambiwa akae chini mbele yao, mimi nyuma yake. Mama yake Marko ndiye alizungumza. Kiswahili chake ni cha polepole, lakini kimenyooka.

"Sema," akamwambia.

Basi akaanza. Akasema habari ya Pasaka, akasema corona, akasema ghala la alizeti, tope, watu wa Arusha. Akasema alitaka Mzee awaone ng'ombe wake. Akasema alizima sauti. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila alivyosema nilizidi kuona haya, maana huyu ni damu yangu, na alikuwa anajitetea mbele ya yule binti ambaye hata uso hakuwa nao wa kuonyesha.

Mama yake Marko alimsubiri mpaka akaishiwa. "Huyu binti," akasema, "siku ile ya zizini alikuwa wa kwenu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakamua. Alilitaja jina, hakukosea, hakuwa mke wa mtu. Ule mdomo haukuwa na kosa. Ungetuonyesha siku ile, tungecheka wote. Wewe umeuchukua mdomo wa msichana, umeuweka, umeuweka, ameolewa, amezaa, ndipo umeutoa mbele ya watu. Unajua ni mke wetu. Alikuja kwako. Alikuomba?"

"Aliniomba, mama."

"Ulimwambia nini?"

Baltazar akatazama majani. "Nilimwapia."

Akina mama wakaguna. Yule mama akauliza, kama anayeuliza habari za nyumbani tu, "Wewe una mke?"

"Ninaye. Getruda."

"Mama yake yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko Gitting."

"Anaitwa nani?"

Baltazar akafungua mdomo, akaufunga. "Mama Getruda," akasema.

"Hilo ni jina la mtoto wake. Jina lake yeye. Simama. Nenda pale langoni. Mwite kwa jina lake, kwa nguvu, umwambie atoke nje. Hayupo, hatasikia. Hapa hakuna anayemjua. Mwite tu, tucheke."

Sisi Wairaqw hatuna mwiko kama wao. Lakini niambieni, ni mwanamume gani wa Gitting atasimama hadharani ampigie kelele mama wa mkewe kwa jina lake tupu? Yule mama ndiye aliyempokea Baltazar na watoto baada ya lile tope. Aliwapa chumba chake, yeye akalala jikoni.

Baltazar alikwenda langoni. Ndilo lile lile lango. Akasimama, mikono haijui pa kukaa. Akavuta pumzi. Nikajikuta nasema moyoni, litamke tu, mdogo wangu, limalize, turudi nyumbani. Akavuta pumzi tena. Ikatoka sauti ndogo isiyokuwa neno. Akina mama wanamtazama, hakuna anayecheka. Ng'ombe walikuwa wanarudi, wakafika nyuma yake, wakasimama kwa sababu amewazibia njia.

"Siwezi," akasema. Kisha akalia, mwanaume wa makamo, mbele ya wanawake na ng'ombe, amejifunika uso kwa mkono wa koti.

Mama yake Marko aligeuka upande wa pili, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie, "Imakulata. Nenda kapike. Watu wana njaa."

Imakulata aliinua kichwa. Kwanza hakuelewa. Kisha mwanamke mmoja akamsogezea sufuria, mwingine akamrudishia mtoto wake, na yule binti akanyanyuka, akaenda ndani karibu anakimbia. Baadaye tulisikia kuni zinapasuliwa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, sikuona aibu kwa hilo.

Tulikula ugali na maziwa ya mgando. Mama yake Marko alimega wa kwanza, kila mtu akaona. Baltazar alipewa bakuli lake na Imakulata mwenyewe, kwa mikono miwili. "Karibu, baba mdogo," akamwambia, hivyo tu, bila chuki. Baltazar alilishika bakuli mpaka ugali ukapoa, hakuinua macho.

Watu wa Arusha walipopiga simu kuuliza lini wataiweka kwenye jumba lao kubwa, Baltazar aliwajibu hana sinema. Wakabembeleza wiki nzima. Mbishi yule safari hii alibisha kwa jambo la maana.

Jumapili baada ya misa, mama mkwe wake alitukuta nje ya kanisa. Alikuwa ameshuka kutoka Gitting na kapu la viazi la wajukuu, amesikia ukumbi ulijaa, anataka kumpongeza. Alikuja ananyoosha mikono yote miwili. "Mkwe wangu! Wanasema watu wamening'inia mpaka madirishani!"

"Shikamoo mama," Baltazar akasema. Mama akaitikia. "Shikamoo mama," akasema tena, ameangalia viatu vyake, na akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akawa amesimama mgongoni kwangu, kama mtoto. Yule mama akabaki na mikono yake hewani, ananitazama mimi. Akaniuliza yeye amemkosea nini.